Rafiki Wakiwakimbia, Msikimbiane



Wengi wetu tunaikumbuka vizuri siku ya arusi yetu. Kanisa hutaka mashahidi wawili tu pamoja na padre au shemasi, lakini ni nani kati yetu aliyefunga ndoa mbele ya watu wawili? Palikuwa na kamati na mweka hazina wake, mikutano ya kuchanga iliyofanywa jioni baada ya kazi, kwaya, akina mama wa kupika, na matatu mbili tatu za jamaa kutoka mashambani. Tulipogeuka kutoka altareni tuliona kanisa limejaa, tukadhani kwamba watu hao wote wataandamana nasi hadi mwisho wa safari.

Leo ningependa tuzungumze juu ya siku nyingine, ambayo haina kamati. Ni siku ambayo mtu na mkewe wanaketi mezani, wanatazamana, na kutambua kwamba tangu mwezi uliopita hakuna aliyebisha hodi nyumbani kwao. Simu hailii. Wakipita sokoni, watu walewale waliokula pilau yao wanajifanya wanachagua nyanya.

Wadhamini wanne

Kuna wenzi ninaowafahamu, nao wameniruhusu kuwasimulia ninyi habari zao mradi nisiwataje majina. Bwana alikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya binafsi. Bibi alikuwa fundi wa nguo mwenye cherehani moja kwenye veranda ya duka la mtu. Mwaka 2019 bwana alichukua mkopo katika chama chao cha akiba na mikopo ili anunue kiwanja cha kujenga. Mnajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Chama hakikupi fedha kwa uzuri wa sura yako. Kinataka wadhamini, na akiba ya mdhamini inashikwa mpaka wewe utakapolipa. Bwana huyu alidhaminiwa na watu wanne. Wawili walikuwa walimu wa shule za serikali aliosoma nao chuo, wa tatu alikuwa jirani, na wa nne ndiye aliyekuwa msimamizi wake siku ya arusi.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, shule zote zilifungwa. Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara. Wenzao wengi wa shule za binafsi hawakupata hata senti, kwa maana shule hizo huishi kwa karo, na mtoto asipokwenda darasani mzazi hatoi karo. Shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021, baadhi ya zile za binafsi hazikufungua milango tena. Shule ya bwana huyu ilikuwa mojawapo.

Ilipopita miezi kadhaa bila malipo, chama kikaanza kukata akiba za wadhamini. Silaumu chama; ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi waliyotia sahihi wote. Lakini fikirini jambo hilo lilivyomfika kila mmoja wao nyumbani kwake, mbele ya mke wake, akieleza kwa nini akiba ya karo ya watoto imepungua. Mmoja alipiga simu kwa ukali. Mwingine alikuja hadi mlangoni akasema maneno ambayo watoto waliyasikia. Jirani aliacha kuitikia salamu. Msimamizi wa arusi hakusema neno lolote. Akimwona bwana huyu barabarani alivuka upande wa pili.

Naye bwana akazima simu. Hapo nataka tusimame kidogo, maana tukizungumza juu ya kuachwa na marafiki kila mmoja wetu hujiweka upande wa aliyeachwa. Ni kweli kwamba watu hawa walimkwepa. Lakini kwa muda wa miezi mitatu yeye hakuwaambia lolote, akitumaini kwamba shule itafunguliwa kabla hawajajua. Walipata habari kutoka kwa karani wa chama. Aibu ilimfanya awakimbie kwanza, nao walipomkimbia alisema, "Unaona? Binadamu si wa kutegemewa." Kabla hatujamlilia Mungu kwamba tumeachwa, yafaa tuulize ni nani aliyezima simu kwanza.

Kuku wa jioni ile

Mwezi wa Agosti hali ikawa ngumu zaidi. Hakuna aliyeshona nguo mpya, kwa hiyo bibi alianza kufua katika nyumba za watu. Jioni moja alirudi amebeba pakiti mbili za unga na kuku mzima. Mama aliyemfulia siku hiyo alimpa kuku juu ya ujira wake.

Bwana akauliza, "Kuku huyu ametoka wapi?"

Akaambiwa. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu. Mara ya tatu akauliza huku akitaja jina la mwanamume fulani wa mtaa ule.

Bibi alimweka kuku chini, akasema, "Baba, waliokuacha ni marafiki zako. Mimi niko hapa, nawe unanifukuza."

Usiku huo kila mmoja alilala ameupa mwenzake mgongo, na kuku hakuchinjwa.

Tobiti na Ana

Waliponieleza habari hiyo niliona kama nimekwisha kuisoma mahali. Kitabu cha Tobiti kimo katika Biblia yetu sisi Wakatoliki, ingawa ndugu zetu wa madhehebu mengine mara nyingi hawanacho, nami huwaonea huruma kwa ajili hiyo, maana sijui kitabu kingine kinachoijua nyumba ya mtu na mkewe kiasi hicho. Fungueni sura tatu za kwanza, na ikiwezekana msome pamoja.

Tobiti alikuwa Mwisraeli wa kabila la Naftali, aliyechukuliwa utumwani Ninawi. Kwa muda mambo yake yalikuwa mazuri sana. Alikuwa mnunuzi wa mfalme, akasafiri hadi Media, akaweka akiba ya fedha nyingi kwa mtu mmoja huko. Aliwapa wenye njaa chakula, na alipoona maiti ya ndugu yake Mwisraeli imetupwa nje ya ukuta aliizika. Ndipo akaja mfalme mwingine. Mtu mmoja wa mjini alimchongea Tobiti kwa sababu ya maziko hayo, akalazimika kukimbia, na mali yake yote ikachukuliwa. Kitabu kinasema kwamba hakubakiwa na kitu ila mkewe Ana na mwanawe Tobia. Someni mahali hapo polepole.

Baadaye alirudi nyumbani. Siku ya Pentekoste, meza imekwisha kuandaliwa, alimtuma Tobia akamtafute maskini wa kula naye. Kijana alirudi na habari ya maiti nyingine sokoni. Tobiti akaacha chakula, na jua lilipokuchwa akaenda kumzika. Majirani wakamcheka. Usiku huohuo, akiwa amelala uani karibu na ukuta, mavi ya shomoro yakamdondokea machoni akawa kipofu. Waganga walizidi kumharibu. Ndugu yake Ahikari alimtunza kwa miaka miwili, kisha naye akahama kwenda mbali. Hapo ndipo Ana alipoanza kufuma kwa malipo.

Siku moja waajiri wake walimlipa ujira, wakamwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi alipoingia nyumbani akalia, na kipofu akasikia. Akauliza ametoka wapi. Alipoambiwa kwamba ni zawadi juu ya ujira hakuamini. Alisema ameibwa, arudishwe kwa wenyewe. Ana akakasirika, akamuuliza sadaka zake na matendo yake mema yako wapi sasa, maana yote yaliyompata yanajulikana.

Nimehubiri juu ya kitabu hiki mara nyingi kigangoni, na kila mara watu hucheka hapa, kisha hunyamaza. Mtu aliyehatarisha maisha yake kwa kuzika wageni hawezi kumsadiki mkewe juu ya mbuzi mmoja! Nami sidhani kwamba Tobiti alikuwa mnafiki. Alikuwa ameachwa na watu mmoja baada ya mwingine, na mtu wa namna hiyo huanza kumtazama kila aliyebaki akijiuliza, "Huyu naye ataondoka lini?" Kwa kuwa aliyebaki karibu ni mke, basi mke ndiye anayelipia deni la wale walioondoka. Ana naye alichokozwa, akamchoma mumewe palepale penye kidonda. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kufanya hivyo?

Ndiyo maana nasema kwamba marafiki wakiondoka, hatari kubwa si ile nafasi tupu waliyoiacha. Hatari ni kwamba hasira tunayowadai wao tutamtoza mwenzetu wa ndoa, kwa sababu yeye hupatikana kwa urahisi. Aliyeachwa kazini anarudi nyumbani na kuanza, "Tangu nikuoe sijapata maendeleo." Mke aliyetengwa na wenzake wa chama cha akina mama anaanza, "Ungekuwa mwanamume kama wengine." Marafiki wametuibia amani kidogo, nasi tunachoma nyumba iliyobaki.

Sala ya mtu aliyekata tamaa

Sasa tazameni Mungu anavyofanya. Baada ya ugomvi ule Tobiti alilia, akasali. Tukisema kweli sala yake haikuwa ya kufundishia katekesi: alimwomba Mungu amwondolee uhai, kwa maana alikuwa amechoka kutukanwa. Wakati huohuo, mbali huko Media, msichana aitwaye Sara naye alikuwa akisali dirishani, ametukanwa na mtumishi wa baba yake kwa sababu waume saba walikuwa wamemfia. Kitabu kinasema kwamba sala za wote wawili zilisikiwa kwa wakati mmoja, na malaika Rafaeli akatumwa kuwaponya wote wawili.

Tobiti hakujua lolote la hayo. Aliamka kesho yake akiwa kipofu vilevile, bila rafiki, na mke aliyenuna. Msaada ulikuwa umekwisha kuondoka mbinguni, naye bado anapapasa ukuta. Na msaada huo ulipofika haukuwa na mabawa. Ulikuja kama kijana wa kuandamana na Tobia safarini, akakodishwa kwa drakma moja kwa siku, na Tobiti alimuuliza ni wa ukoo gani kama mnavyowauliza ninyi wachumba wa binti zenu.

Kumtegemea Mungu basi si kungoja Mungu aje kukaa katika kiti cha rafiki aliyeondoka. Ninyi mliofunga ndoa Kanisani mlimpokea Kristo nyumbani siku ileile ya arusi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kwa sakramenti ya ndoa Kristo mwenyewe huja kukutana na wenzi wa Kikristo, na hukaa nao. Hakuja pamoja na kamati ya arusi, wala hakuondoka pamoja nayo. Mnapopigana kwa maneno juu ya kuku, yeye yumo chumbani. Mnapoketi kimya mezani, mnaketi watatu.

Lakini angalieni jambo moja. Wapo waume na wake ambao, marafiki wakiondoka, humgeuza mwenzao kuwa kila kitu: awe rafiki, mama, mshauri, na Mungu pia. Hakuna binadamu anayeweza mzigo huo. Mke wako ni mke wako. Akichelewa sokoni usife.

"Mungu pekee ananitosha"

Liko kosa lingine ambalo linavaa nguo za imani. Mtu akiachwa na rafiki hujigamba, "Mimi namtegemea Mungu pekee, binadamu sitaki." Maneno hayo huandikwa mpaka kwenye vioo vya matatu. Wakati mwingine ni imani, na mara nyingi ni kinyongo kilichopakwa maji ya baraka.

Mtakatifu Paulo aliachwa kweli. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya nne, anaeleza akiwa gerezani kwamba alipojitetea mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesimama naye, wote walimwacha. Anaomba wasihesabiwe kosa hilo. Kisha anasema kwamba Bwana alisimama karibu naye, akamtia nguvu. Wahubiri wengi huishia hapo. Ninyi endeleeni kuitazama sura hiyohiyo. Paulo huyuhuyu anamsihi Timotheo afanye bidii aje upesi, kabla ya majira ya baridi. Anataka aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu. Na anasema amlete Marko.

Mnamkumbuka Marko? Katika Matendo ya Mitume ndiye aliyewaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia, akarudi zake Yerusalemu. Baadaye Barnaba alipotaka kumchukua tena Paulo alikataa katakata, hata mitume hao wawili wakatengana kwa ajili yake. Miaka ikapita. Sasa mzee yuko gerezani, Bwana yu karibu naye, na anamtaka yuleyule aliyewahi kumwacha. Basi aliye na Mungu haoni haya kusema kwamba anasikia baridi na anahitaji watu.

Daftari la mistari minne

Turudi kwa wenzi wetu. Asubuhi baada ya jioni ile ya kuku, bibi aliamka mapema kama kawaida. Bwana alikuwa amekwisha kuamka, ameketi jikoni. Aliniambia kwamba hakuomba msamaha kwa maneno mazuri. Alisema tu, "Mama, nimwage maji ya kuku?" Maana yake, amchinje na kumnyonyoa. Bibi akasema ndiyo. Wenye ndoa mnaelewa kwamba hayo yalikuwa maungamo kamili, ingawa baadaye alikwenda pia kwa padre, kama ilivyo haki.

Jioni hiyo walisali pamoja kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Hawakuwa na nguvu ya Rozari nzima. Bibi alifungua Zaburi ya 88, ambayo wachache huipenda kwa sababu haina mwisho mwema: mwenye kuomba analalamika kwamba Mungu amewaweka mbali rafiki na jirani zake, na zaburi inaishia gizani. Nawashauri ninyi mnaopita katika hali hiyo msianze kwa zaburi za shangwe. Kanisa limetuwekea maneno ya mtu aliyekata tamaa ili tusidhani ni dhambi kumwambia Mungu ukweli. Baada ya kusoma, kila mmoja alitaja kwa Mungu jambo moja lililomuumiza siku hiyo, mwenzake akasikiliza bila kujibu. Bila kujibu! Hapo ndipo penye kazi. Nusu ya mambo ambayo mke ameyabeba, mume huyasikia kwa mara ya kwanza anapoambiwa Mungu.

Walifanya hivyo kwa siku kadhaa, kisha bibi akasema, "Twende kwa wale wanne."

Bwana alikataa. Alisema atakwenda akipata fedha. Bibi akajibu kwamba akingoja fedha atakwenda mazishini. Basi walichukua daftari la shule, wakaandika mistari minne: jina, kiasi alichokatwa, kiasi kilicholipwa, tarehe. Walikuwa na shilingi 1,200. Waliweka mia tatu mia tatu katika bahasha nne, na Jumamosi wakaenda, wote wawili, kwa miguu. Nasisitiza wote wawili. Mume akienda peke yake kuomba radhi hurudi na hadithi aliyoikatakata, na mke hubaki akiwachukia watu ambao hajaona machozi yao.

Mwalimu wa kwanza alipokea bahasha akacheka, kisha akaona haya, akaita chai. Wa pili hakutaka mia tatu. Alisema kama ni kulipa alipe zote. Walimwonyesha daftari, wakamwachia bahasha mezani. Jirani alikubali, ingawa salamu zilichukua mwaka mzima kurudi. Msimamizi wa arusi hakufungua mlango. Waliona pazia likitikisika. Bahasha waliipitisha chini ya mlango.

Waliendelea kila mwezi. Mara nyingine ni shilingi mia tano, mara nyingine hakuna kitu na wanakwenda kusema hakuna kitu. Bwana alipata vipindi katika shule nyingine mwaka 2021, na deni la wadhamini walilimaliza mwaka 2023. Sisemi kwamba Mungu aliwatumia mtu na gunia la fedha. Aliwapa miguu ya kwenda na midomo ya kukiri, na kuku mmoja. Kama ninyi mmeachwa kwa sababu nyingine, labda kwa sababu hamjapata mtoto, au mmoja wenu ni mgonjwa, au mmekataa kushiriki katika jambo lisilo haki kazini, hamna daftari la kupeleka na hamna la kuomba radhi. Hapo kazi ni nyepesi kwa miguu na nzito zaidi kwa moyo. Lakini kule kuketi jioni na kusikilizana mbele ya Mungu ni kuleku​le.

Na Jumapili nendeni Misa, hata kama hamna sadaka. Nimewaona watu wakiacha kuja kanisani kwa sababu ya sarafu, na wengine wakiacha jumuiya kwa sababu hawajamaliza mchango. Mjane wa Injili alitia senti mbili; asiye na hizo mbili naye ana mahali pa kupiga magoti.

Sisi tuliovuka barabara

Nimezungumza na walioachwa, lakini ukurasa huu husomwa pia na walioacha. Nami ni mmoja wao.

Mwaka ule wa 2020 mikutano ilikatazwa kwa muda na makanisa yakafungwa, na jumuiya yetu haikukutana. Tuliambiwa tukae mbalimbali kwa ajili ya afya, na ilikuwa sawa kutii. Lakini wengine tulifurahia kisingizio hicho. Nilijua kwamba nyumba ile ina shida. Njia yangu ya kwenda kigangoni ilipita mbele ya mlango wao, nami nilianza kupita njia ya nyuma, yenye matope, kwa sababu niliogopa kwamba wakiniona wataniomba kitu, na posho ya katekista mnaijua. Hawakuniomba kitu. Siku nilipokwenda hatimaye, bibi aliniletea kiti na kusema, "Katekista, tulidhani wewe pia tunakudai."

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, hawakutaka tuwe na kundi jingine la kukusanya fedha. Walitaka Mkristo awe na watu wachache wanaomjua kwa jina na kwa mlango. Ikiwa familia haijaonekana katika jumuiya kwa mwezi mmoja, msianze na kadi yao ya michango. Nendeni watu wawili, mume na mke, mketi. Marafiki wa Ayubu hulaumiwa sana, na wanastahili, lakini kumbukeni kwamba mwanzoni walifanya jambo jema: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Walianza kuharibu walipofungua midomo kutoa mashauri. Mwishoni Mungu alimrudishia Ayubu hali yake alipokuwa amewaombea marafiki hao waliomchosha.

Wenzi wetu nao huwaombea wale wanne kila jioni, mpaka sasa, baada ya sala ya chakula. Msimamizi wa arusi bado hajawatembelea. Mwaka jana alifiwa na mama yake, nao walikwenda matanga. Bibi aliosha sufuria na wanawake wengine, bwana alibeba viti. Msimamizi alimpa mkono kama alivyompa kila mtu kwenye mstari, wala hakuna lililosemwa zaidi.

Nilimuuliza bibi kama bwana amemsamehe. Alifikiri kidogo. Aliniambia kwamba majina matatu huyataja polepole, na lile la nne hulitaja haraka haraka, lakini hajaliruka hata siku moja.